Kumlea mwanagenzi wa kufungasha programu: Debian, Fedora au AUR ya Arch?

Mtu anayetaka kujifunza kufungasha programu, yaani kuziandaa zisakinishike kirahisi, kwa ajili ya distro (mkusanyo wa mfumo endeshi) ya Linux, na vilevile fundi mzoefu aliyekubali kumlea, hukwama mapema kwenye swali moja: kazi ianzie wapi? Njia tatu hutajwa mara nyingi, nazo ni Debian, Fedora na AUR, ile hazina inayoendeshwa na watumiaji wa distro ya Arch. Tofauti inayoonekana kwanza ni muundo wa mafaili, lakini hiyo si tofauti kubwa. Saraka ya debian/ ya Debian, faili la spec la Fedora na PKGBUILD ya AUR yote yanajibu maswali yale yale: msimbo chanzo unatoka wapi, unahitaji nini ili uundwe, programu inahitaji nini ili iendeshwe, mafaili yake yanakaa wapi, na leseni yake inaruhusu nini. Aliyejifunza kuyajibu vizuri mahali pamoja hahitaji muda mrefu kuyajibu kwingine.

Tofauti kubwa ni wakati ambao jicho la mtu mwingine linaiangalia kazi ya mwanagenzi. Debian huikagua kabla ya kila upakiaji, Fedora huikagua kwa makini mlangoni kisha ikamwachia mwenye kazi, na AUR huiacha ipite na kukaguliwa na wale wanaoitumia. Kutokana na hilo, uzito wa mzigo wa mlezi, kasi ya kujifunza na ukubwa wa madhara ya kosa hubadilika.

Vigezo vya ulinganisho

Nimezilinganisha njia hizi kwa vigezo vitano: mlango wa kuingilia, yaani hatua za kwanza kabisa; kazi halisi inayomwangukia mlezi; zana, mashine na bando vinavyohitajika; muda wa kusubiri; na dhamana, yaani nani anabeba jukumu kifurushi kikileta madhara. Kigezo cha pili nimekipa nafasi kubwa kwa makusudi, kwa sababu katika kazi hii nyaraka zipo tele na programu za kufungasha hazikosekani, ilhali kinachokosekana ni mtu mwenye ujuzi aliye tayari kusoma kazi ya mwingine mstari kwa mstari, wiki baada ya wiki.

Mlango wa kuingilia

Katika Debian, mwanagenzi huanza kwa kutangaza nia. Hufungua ripoti ya ITP (Intent To Package, nia ya kufungasha) katika mfumo wa kufuatilia hitilafu, chini ya kifurushi bandia kiitwacho wnpp, ili mtu mwingine asianze kazi hiyo hiyo bila kujua. Baadaye huandaa kifurushi, hukipakia kwenye seva ya mentors.debian.net, kisha huomba mdhamini kwa ripoti ya pili iitwayo RFS (Request For Sponsorship). Jina la mwanagenzi ndilo linalokaa kwenye sehemu ya Maintainer ndani ya debian/control, lakini saini inayokiingiza kifurushi ghalani ni ya mdhamini, ambaye ni Debian Developer, yaani mwanachama wa mradi mwenye haki ya kupakia. Ipo pia njia ya upande ambayo wengi huipita bila kuitazama: wnpp ina orodha ya vifurushi yatima, ambavyo watunzaji wake wa awali wameviacha, na kukiasili kimoja humfundisha mtu mengi bila kulazimika kuanza na karatasi tupu.

Katika Fedora, mwanagenzi hufungua akaunti, hukubali mkataba wa wachangiaji, kisha hutuma ombi la ukaguzi kwenye Bugzilla, mfumo wa kufuatilia hitilafu, likiwa na viungo vya faili la spec na kifurushi cha chanzo. Kwa kuwa bado si mmoja wa wafungashaji, ombi lake huunganishwa na ripoti ya FE-NEEDSPONSOR, ambamo wadhamini huwatafuta wageni. Hatarajiwi kukaa tu akisubiri, bali hutakiwa akague maombi ya wengine kwa njia isiyo rasmi, ili wadhamini waone anavyofikiri. Mdhamini akiridhika, humwingiza kwenye kundi la wafungashaji. Wapo pia wanaoingia kwa kualikwa na mfungashaji anayehitaji msaidizi katika kifurushi ambacho tayari kipo.

AUR haina mlango wa namna hiyo. Mtu hufungua akaunti, huweka ufunguo wake wa SSH wa kumtambulisha, na husukuma kwa git, zana ya kuhifadhi mabadiliko ya msimbo, mafaili mawili: PKGBUILD na .SRCINFO, ambayo ni muhtasari wake. Kazi yake huonekana siku hiyo hiyo, alimradi programu hiyo haimo tayari katika maghala rasmi ya Arch.

Kazi ya mlezi

Mlezi wa Debian anafanya kazi ya kusoma, na kusoma huko hakuishi na kifurushi cha kwanza. Tuchukue programu ndogo yenye kurasa za wavuti ndani yake. Mwanagenzi ameandika kwenye debian/copyright kwamba kila kitu kiko chini ya leseni ya GPL toleo la 3, kwa kuwa ndivyo lilivyosema faili la LICENSE. Mlezi anafungua mafaili yenyewe na kukuta vichwa vinavyosema toleo la 2 au lolote la baadaye. Ndani ya saraka ya static anakuta fonti yenye leseni tofauti, ile ya fonti iitwayo OFL, na pembeni yake faili la JavaScript lililobanwa kuwa mstari mmoja mrefu, bila chanzo chake. La kwanza ni marekebisho ya maandishi. La pili linadai aya mpya katika debian/copyright. La tatu linazuia kifurushi kizima, kwa sababu Debian hudai chanzo cha kila kitu, hivyo mwanagenzi lazima atafute chanzo hicho, au atumie maktaba iliyokwisha kufungashwa ndani ya Debian, au aliondoe faili hilo kwenye furushi la chanzo kabla ya kulipakia. Zana ya ukaguzi ya lintian inaweza kunusa tatizo la tatu, lakini ni macho ya binadamu yanayomweleza mwanagenzi kwa nini ni tatizo. Katika mazungumzo ya namna hii malezi ya Debian yana thamani isiyopatikana kirahisi kwingine, na ndiyo maana yanachosha.

Mzigo huo hupungua pale malezi yanapofanywa na timu. Timu ya Python, kundi la Perl na nyinginezo huhifadhi kazi zao kwenye Salsa, seva ya git ya Debian, ambako mtu yeyote wa timu anaweza kusoma mabadiliko na kudhamini. Debian Med, timu inayofungasha programu za tiba na biolojia, ilianzisha mpango ambamo mwanagenzi mmoja huambatana na mlezi kwa mwezi mmoja, akiwa na kifurushi kimoja cha kukamilisha. Mpango huo ulianzishwa na Andreas Tille, ambaye mwaka 2024 alichaguliwa kuwa kiongozi wa mradi wa Debian. Ninaupenda kwa jambo moja hasa: una mwisho unaojulikana. Mlezi anayejua kwamba ahadi yake ni ya mwezi mmoja huikubali kwa moyo mweupe kuliko anayeombwa ahadi isiyo na kikomo.

Mlezi wa Fedora anapima mtu zaidi ya kifurushi. Mwanagenzi akishaingia kwenye kundi la wafungashaji, anaweza kuunda na kutoa matoleo mapya ya vifurushi vyake bila kumwomba mtu, na mdhamini anatarajiwa kuendelea kuwa mtu wa kuulizwa na wa kurekebisha. Kwa hiyo mdhamini makini hauangalii ukaguzi wa kifurushi kimoja peke yake. Huangalia zile kaguzi zisizo rasmi: je, mwanagenzi alinakili tu matokeo ya zana ya fedora-review, au aligundua kwamba sehemu ya %files, inayoorodhesha mafaili ya kifurushi, imejitwalia saraka ambayo ni mali ya kifurushi kingine? Je, alipokosolewa alirekebisha na kueleza, au alirekebisha kimyakimya bila kuelewa? Kazi ya mlezi hapa ni nzito mwanzoni kisha hupungua haraka, kinyume cha Debian ambako husambaa sawasawa kwa muda mrefu.

Katika AUR mlezi hana cheo wala mamlaka, na malezi hutegemea makubaliano ya watu wawili tu. Mlezi anaweza kuandikwa kama msaidizi wa kifurushi, au akasoma PKGBUILD kabla haijasukumwa. Mambo ya kusoma ni machache na yanafundishika upesi. Mwanagenzi ameandika sha256sums=('SKIP'), yaani ameruka ukaguzi wa alama ya uthibitisho, kwa furushi la toleo rasmi, jambo linalokubalika kwa chanzo kinachovutwa moja kwa moja kutoka git lakini si hapo, kwa sababu sasa hakuna kinachothibitisha kwamba kilichopakuliwa ndicho kilichokusudiwa. Au kifurushi kinaundika vizuri kwenye kompyuta yake, kumbe ni kwa sababu zana ya cmake ilikuwa imeshasakinishwa humo tangu zamani naye hakuitaja kwenye makedepends, orodha ya vinavyohitajika wakati wa kuunda. Kukiunda ndani ya mazingira safi kwa zana za devtools hulifichua kosa hilo mara moja. Wasiwasi wangu ni mmoja: mambo ya leseni na ya utunzaji wa muda mrefu hayaulizwi na yeyote, hivyo mlezi asipoyaleta yeye, mwanagenzi anaweza kufungasha kwa miaka bila kukutana nayo.

Zana, mashine na bando

PKGBUILD ni skripti ya Bash yenye vipengele vilivyo wazi, na anayeijua terminali huisoma siku ya kwanza. Faili la spec lina lugha yake ya makro, lakini ni faili moja, na mtu huliona lote kwa pamoja. Saraka ya debian/ ina mafaili kadhaa yenye kanuni tofauti, ingawa zana ya debhelper imefanya debian/rules ya kawaida iwe na mistari michache sana.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki upo mfano mzuri wa kuanzia, nao ni hunspell-sw, kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Fedora ina kifurushi chake cha chanzo chenye faili lake la spec, ilhali Debian huitoa kutoka chanzo kikubwa cha libreoffice-dictionaries, ambacho huzaa vifurushi vya lugha nyingi kwa wakati mmoja. Kuvisoma viwili hivyo sambamba humwonyesha mwanagenzi, bila kusumbuliwa na msimbo wowote wa kukompaili, jinsi distro mbili zinavyoweza kupanga kitu kimoja kwa njia tofauti na zote zikawa na sababu.

Suala la bando lisidharauliwe. Kuunda ndani ya mazingira safi, kwa sbuild upande wa Debian au mock upande wa Fedora, kunahitaji kupakua mamia ya megabaiti, na kila kitegemezi kipya huongeza. Fedora humpunguzia mwanagenzi mzigo huu kupitia COPR, ambako kifurushi huundwa kwenye seva za mradi naye akatuma chanzo tu. Debian nayo ina mfumo wa Salsa CI, unaounda kifurushi na kukipima kila mabadiliko yanaposukumwa. Katika AUR kila kitu huundwa kwenye mashine ya mtu mwenyewe, na vivyo hivyo kwenye mashine ya kila mtumiaji, kwa hiyo kompyuta dhaifu huhisiwa zaidi huko programu inapokuwa kubwa.

Majadiliano ya ukaguzi katika miradi yote mitatu hufanyika kwa Kiingereza. Mlezi anayezungumza Kiswahili anaweza kufanya mzunguko wa kwanza wa masahihisho kwa Kiswahili kabla kazi haijatoka hadharani, na hilo humwokolea mwanagenzi aibu isiyo ya lazima.

Muda wa kusubiri

AUR haina kusubiri. Fedora ina kusubiri kwingi mwanzoni, kwa kuwa ombi linaweza kukaa bila kuguswa mpaka mdhamini alipende, lakini baada ya hapo mfungashaji huenda kwa mwendo wake. Debian ina foleni mbili. Ya kwanza ni ya kumpata mdhamini. Ya pili, kwa kifurushi kipya, ni ile iitwayo NEW, ambako wasimamizi wa ghala hukagua hasa leseni, na inaweza kuchukua siku chache au miezi. Kifurushi kikishaingia unstable, tawi la Debian linalopokea mapya, husubiri kwa kawaida siku 2, 5 au 10, kulingana na udharura ulioandikwa kwenye debian/changelog, kabla ya kuhamia testing, tawi la maandalizi ya toleo lijalo, kama hakuna hitilafu kubwa. Mlezi amweleze mwanagenzi haya siku ya kwanza kabisa, kwa sababu wengi huondoka wakidhani wamepuuzwa, kumbe kifurushi chao kimo tu kwenye foleni.

Dhamana

Matukio ya kweli husaidia zaidi ya nadharia hapa, na yapo pande zote.

Mwaka 2006 mfungashaji wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, katika Debian aliondoa mistari miwili iliyokuwa ikileta maonyo kutoka zana ya Valgrind. Alikuwa ameuliza kwanza kwenye orodha ya barua pepe ya OpenSSL. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukichanganya vyanzo vya unasibu, na ulipoondoka, kilichobaki cha kubahatisha kilikuwa namba ya mchakato pekee. Funguo zilizotengenezwa kwa miaka karibu miwili zikawa za kukisika, na tangazo la kuzibadilisha lilitoka Mei 2008. Mlezi yeyote, wa distro yoyote, anapaswa kumsimulia mwanagenzi tukio hili siku anapotaka kuweka kiraka chake cha kwanza, kisha amwombe aeleze kwa maandishi kila mstari wa kiraka hicho unafanya nini na kama watengenezaji wa awali wameukubali.

Julai 2018 kifurushi yatima cha acroread, kisomaji cha PDF, katika AUR kiliasiliwa na mtu aliyeongeza humo msimbo wa kupakua skripti yenye nia mbaya. Kiligunduliwa na kusafishwa haraka, lakini kilionyesha kwamba mahali ambapo yeyote anaweza kuasili kifurushi, mtumiaji ndiye mkaguzi wa mwisho. Mwanagenzi aliyelelewa AUR hujifunza jambo hili mapema na kwa vitendo, na hilo nalihesabu kuwa faida ya kweli ya njia hiyo.

Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili; mlango huo ulipandikizwa na mtu aliyejijengea imani ya mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika Debian unstable na testing, Fedora Rawhide (tawi la majaribio la Fedora), na maghala ya Arch. Hakuna njia yoyote kati ya hizi tatu iliyoyazuia, kwa sababu sehemu ya hila ilikuwa ndani ya furushi la toleo na haikuwamo kwenye git. Kumzoesha mwanagenzi kulinganisha furushi la toleo na alama ya toleo hilo kwenye git, kila anapopandisha toleo, ni zoezi linalofaa katika njia zote tatu.

Kuhusu ruhusa, Fedora humpa mtu imani nzima akishapokewa. Debian huitoa kwa ngazi: anayedhaminiwa, kisha Debian Maintainer, ambaye hupakia vile vifurushi alivyoruhusiwa tu, kisha Debian Developer. Ngazi za juu zinahitaji ufunguo uliotiwa saini na wanachama wa Debian, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika watu wakikutana ana kwa ana. Kwa aliye mbali na miji yenye wanachama hao, hiki ni kikwazo halisi, na ni vyema aanze kuulizia mikutano mapema. Katika Arch, ngazi ya Package Maintainer hufikiwa kwa kudhaminiwa na walio ndani na kupigiwa kura, na AUR iliyotunzwa vizuri ndiyo ushahidi unaoangaliwa.

Uchague kwa hali yako

Mwanagenzi ambaye bado hajui kama kazi hii ataipenda, na anatumia Arch tayari, aanzie AUR. Atapata matokeo upesi, na maoni ya watumiaji yatamwonyesha kama ana subira ya kuyajibu. Mlezi wake amwekee sharti moja la ziada, kwamba kila PKGBUILD iundwe katika mazingira safi na leseni ithibitishwe kwa kufungua mafaili.

Anayetaka kujifunza leseni, utunzaji wa muda mrefu na namna programu inavyoishi ndani ya mfumo mzima kwa miaka atafaidi zaidi Debian, hasa akiingia kupitia timu inayoshughulikia lugha au fani anayoijua. Mwenye kiu ya kuona kazi yake ikitumika wiki hii hii atateseka huko, na ni haki aambiwe hivyo mapema.

Anayefanya kazi kwenye seva za Red Hat au jamaa zake, au anayetaka kufikia uhuru wa kufungasha baada ya mtihani mmoja mzito, Fedora inamfaa. Aanze kwa kukagua maombi ya wengine kabla ya kutuma lake, maana hapo ndipo wadhamini watakapomfahamu. Mwenye mashine dhaifu lakini intaneti ya kuaminika aipe COPR nafasi ya kwanza.

Kwa upande wa mlezi, mwenye saa chache kila wiki kwa muda mrefu anafaa Debian. Mwenye mwezi mmoja wa nafasi kisha shughuli nyingi anafaa Fedora, au mpango wa Debian wenye kikomo. Asiye na haki ya kupakia popote bado anaweza kulea vizuri ndani ya AUR, au akamwandaa mwanagenzi kabla hajaenda kwa mdhamini rasmi. Na kama programu yenyewe inahitajika na taasisi inayoitegemea kila siku, mlezi na mwanagenzi waandike kabla ya kuanza ni nani atakayekitunza kifurushi mmoja wao akiondoka, na wamweke huyo kama msaidizi tangu toleo la kwanza.